Farasi Asiye na Mpandaji: Buddha Yuko Wapi Kwenye Lango la Sanchi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, kwa sasa ninafanya kazi Ujerumani. Juzi nilikuwa Berlin, nikapita mbele ya jumba la Humboldt Forum, nikakuta lango refu la mawe limejaa nakshi juu mpaka chini. Mwenzangu akaniambia ni mfano wa lango la Sanchi, India, na kwamba boriti ya katikati inaonyesha Buddha akiondoka nyumbani kwa baba yake. Nikaitazama mpaka shingo ikaniuma. Naona farasi mmoja nyuma ya mwingine, wote mgongo mtupu. Huyo Buddha yuko wapi? Alivunjwa? Au kwao nao ilikuwa haramu kumchora, kama sisi tusivyomchora Mtume (S.A.W.)? Picha niliyopiga nakuambatanishia.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa shingo. Macho yako ni mazima. Hakuna mtu juu ya farasi wale na hakuwahi kuwapo. Hata hivyo Buddha yumo kwenye boriti ile, tena zaidi ya mara moja, na fundi amekuonyesha kila mahali alipo. Wewe ulitafuta mwili, yeye akakuchongea mwavuli.

Ichukue tena picha yako uanzie kushoto. Pale pana mji wenye kuta na lango, watu wakichungulia kutoka juu. Ndio Kapilavastu, mji wa ukoo wa Wasakya. Siddhartha, mwana wa mtawala, ambaye baadaye ndiye atakayeitwa Buddha, ana miaka 29, mke na mtoto mchanga. Ameamua kuyaacha yote akatafute dawa ya uzee, maradhi na mauti. Usiku wa manane anamwamsha Chandaka, mtunza farasi wake, anatandikiwa farasi wake Kanthaka, anatoka bila kuaga. Farasi unayemwona akitokeza langoni ni Kanthaka. Anayemfuata mbele ni Kanthaka huyohuyo, na wa tatu, na wa nne. Ni safari moja imechongwa kwa hatua zake bila mistari ya kuzitenga, kama ukurasa wa katuni uliofutwa visanduku vyake.

Sasa tazama juu ya tandiko. Kila mara farasi anapojitokeza, kuna mtu anayetembea kando yake ameinua mwavuli, na mwavuli uko sawasawa mahali ambapo kichwa cha mpandaji kingekuwa. Farasi hakingiwi jua. Isitoshe, safari yenyewe ni ya usiku. Hilo jua lingetoka wapi?

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa sana maana ya mwavuli huo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitembea chini ya vifuniko vinne vya hariri vilivyobebwa juu ya kichwa chake, kila kimoja kina ndege wa dhahabu kileleni. Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498, mfalme aliwapokea akiwa chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Bahari yetu yote, kuanzia India mpaka kwetu, ilijua kwamba mwavuli ni kiti cha enzi kinachotembea. Umati ukikuziba usimwone mfalme, mwavuli unakuambia yuko hapa, na sasa amesogea pale. Waliopita chini ya lango la Sanchi miaka elfu mbili iliyopita waliusoma mchongo huo bila mkalimani.

Katikati ya boriti utauona mti uliozungushiwa uzio, umesimama kama umekosea njia. Safari haikupita kwenye mti wowote wa namna hiyo. John Marshall, Mwingereza aliyeikarabati Sanchi kati ya 1912 na 1919, alieleza kuwa ni mzambarau, ule ambao Siddhartha alikaa chini yake utotoni na kwa mara ya kwanza akazama katika tafakuri, watu wazima wakiwa wameshughulika na sherehe ya kulima. Nakubaliana naye. Fundi ameweka kumbukumbu katikati ya safari: huyu anayetoroka usiku si kijana aliyechoshwa na anasa tu, safari hii aliianza zamani. Zambarau unazijua vizuri, zinazotia midomo rangi. Sijui kwa nini waandishi wengi wanaofasiri kisa hiki wanaogopa kulitumia jina hilo.

Mwisho kabisa kulia kuna nyayo mbili kubwa, na katika kila unyayo kuna alama ya gurudumu. Mwavuli umehamia hapo, na mtu amepiga magoti mbele yake. Siddhartha ameshuka, na kuanzia hapo anakwenda kwa miguu. Kona ya chini ya sehemu hiyo nitairudia baadaye.

Swali la kuvunjwa linamalizika haraka. Lango la mashariki, lililotoa mfano uliouona Berlin, halikuwahi kuanguka. La kusini lilikuwa limelala chini tayari wakati Henry Taylor, ofisa wa jeshi la Waingereza, anapafika mwaka 1818, na la magharibi lilianguka baada ya hapo, kwa sababu ya watu waliochimba ovyo wakitafuta hazina. La mashariki lilibaki wima kwenye kilima chake karibu na mji wa Vidisha, na ndiyo sababu Waingereza walilichagua kulitolea nakala ya plasta miaka ya 1869 na 1870. Nakala hizo zilisambazwa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya, Berlin ikapata yake, na huo uliouona wewe ni mfano mpya wa jiwe uliosimamishwa mwishoni mwa 2022, kimo chake kama mita 10. Kwenye asili na kwenye mfano, mgongo wa farasi una tandiko lililokamilika. Mtu akivunjwa huacha kovu kwenye jiwe.

Wala usidhani fundi alishindwa au alikuwa na haraka. Kwenye nguzo moja ya lango hilohilo la mashariki kuna kisa cha mafuriko ya Uruvela. Mto umefurika, na Kassapa, kiongozi wa watawa wanaoabudu moto, anakimbilia kwa mtumbwi kumwokoa Buddha asizame. Anamkuta anatembea palepale palipo na maji bila kudhurika. Watu wa mtumbwini wamechongwa, makasia yao yamechongwa, mawimbi, ndege na miti vimechongwa. Mbao za mtumbwi wenyewe zinaonekana zimeshonwa kwa kamba, kama mitepe ya Lamu, bila msumari hata mmoja. Mtu aliyejisumbua kuchonga mishono ya chombo hasahau kumchonga mwenye kisa. Ila unapomtafuta Buddha katikati ya maji yale, unakuta ubao wa jiwe uliolala tu: ni njia yake ya kutembelea anapotafakari. Baadaye, chini ya mchongo huo, Kassapa na wenzake wamesimama nchi kavu wameunganisha viganja kwa heshima, na kilicho mbele yao ni kiti kitupu chini ya mti.

Ustadi huo una maelezo yake. Kwenye lango la kusini kuna maandishi yanayosema kuwa nakshi yake ni kazi ya wachonga pembe za ndovu wa Vidisha. Watu waliozoea kujaza kisa kizima kwenye kipande cha pembe kinachoenea kiganjani walipopewa boriti ya jiwe, waliijaza vilevile, hakuna nafasi ya kuchomeka sindano. Maandishi mengine ya lango hilo yanamtaja Ananda, mkuu wa mafundi wa mfalme Satakani, kuwa ndiye mtoaji wa sehemu ile. Kwa ujumla malango yale manne ni ya karne ya 1 KK. Stupa iliyo katikati yake, tuta la mviringo kama bakuli lililofunikwa, ni ya zamani zaidi: kiini chake cha matofali kilijengwa na mfalme Ashoka katika karne ya 3 KK, kisha kikapanuliwa karibu maradufu na kuvikwa mawe, mpaka upana ukafika kama mita 36.

Nije kwenye swali lako la haramu, ambalo ndilo gumu. Naelewa kwa nini mtu wa kwetu analiuliza, na hata baadhi ya wataalamu wa zamani walielekea huko. Mimi naona ulinganisho huo haukai, na sababu ya kwanza imo Sanchi hapohapo. Hatua chache kutoka kwenye farasi wako, kwenye boriti ya chini ya lango la kaskazini, kuna kisa kirefu cha Vessantara, mtoto wa kifalme aliyegawa mali yake yote: ndovu wake, gari lake, farasi wake, watoto wake, mwishowe mkewe. Kwa Wabuddha, Vessantara ni Buddha mwenyewe katika maisha yake ya kabla ya haya ya mwisho. Naye amechongwa mzimamzima, ana uso, ana mikono, anamshika mtoto. Penginepo amechongwa akiwa ndovu mwenye pembe sita. Mafundi hawakuwa na shida ya kumchonga huyo huyo alipokuwa mtu mwingine au mnyama. Anatoweka katika maisha yake ya mwisho tu.

Je, kuna andiko lililokataza? Lipo moja linalonukuliwa sana. Katika kitabu cha kanuni za watawa wa madhehebu ya Sarvastivada, ambacho kimetufikia kwa tafsiri ya Kichina, tajiri Anathapindika anamwambia Buddha kwamba kwa kuwa sanamu ya mwili wake haifai kutengenezwa, anaomba kutengeneza ya Bodhisattva, yaani yeye kabla hajafikia kuamka, kwa maana ya kuujua ukweli na kuwa Buddha. Anaruhusiwa. Waliolidaka andiko hilo wakashangilia kwamba dawa imepatikana. Lakini lisome polepole ukimkumbuka farasi wako. Usiku ule wa kutoroka Siddhartha alikuwa bado Bodhisattva. Miaka sita ya kuhangaika ilikuwa mbele yake. Kwa andiko hilo, kumchonga juu ya Kanthaka kungekuwa halali kabisa. Hakuchongwa. Kwa hiyo kanuni hiyo, hata kama iliheshimiwa mahali fulani, haifungui mlango wa boriti hii.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu Mfaransa Alfred Foucher alitoa maelezo yaliyotawala kwa muda mrefu. Alisema desturi hii ilianzia kwa mahujaji, waliorudi na vijialama vya mahali patakatifu: mti wa mahali alipoamka, gurudumu la mahali alipohubiri kwanza, stupa ya mahali alipofia. Alama hizo zikazoeleka hivi kwamba wachongaji walipoanza kusimulia maisha yake hawakuona haja ya mtu. Hilo lilidumu hadi mwaka 1990, mwanahistoria wa sanaa Susan Huntington alipoandika kuwa sote tumekosea swali. Kwa maoni yake michongo mingi kati ya hii haimwonyeshi Buddha kwa sababu haimhusu Buddha akiwa hai. Inaonyesha waumini wa baadaye wakifanya ibada kwenye sehemu takatifu, au wakiigiza matukio kwenye sikukuu. Mwaka uliofuata mwanahistoria mwenzake, Vidya Dehejia, akamjibu kwamba mti uleule unaweza kuwa tukio, mahali pa hija na Buddha mwenyewe, vyote kwa pamoja, na mtazamaji wa kale hakulazimika kuchagua.

Kabla sijakuambia nimesimama wapi, twende Bharhut. Ni stupa nyingine ya India ya kati, ya karne ya 2 KK. Mwanaakiolojia Alexander Cunningham aliigundua mwaka 1873, na uzio wake sasa uko Kolkata. Thamani yake kwetu ni kwamba mafundi wake waliandika maelezo juu ya michongo, jambo ambalo Sanchi halikufanywa kwa visa. Mchongo mmoja unaonyesha mti wa kuamka. Ungekuwa unaonyesha usiku wenyewe wa tukio, tungetazamia mti msituni. Badala yake umezungukwa na jengo zuri la ghorofa, hekalu ambalo lisingeweza kuwapo usiku ule, maana lilijengwa na waumini waliokuja baadaye. Hapo Huntington ana haki yake. Lakini geukia mchongo mwingine wa Bharhut. Mfalme Ajatashatru amefika na ndovu zake, amepiga magoti mbele ya kiti kitupu chenye nyayo chini yake. Maandishi yanasema: Ajatashatru anamwabudu Bhagavat, yaani Mtukufu, na hilo ni jina la heshima la Buddha. Hayasemi anaabudu kiti. Mwandishi alitazama kiti kitupu, akaandika jina la aliyekikalia.

Mimi basi niko na Dehejia, ila kwa farasi wako naenda mbele kidogo: pale hakuna sikukuu. Sikukuu haisimulii kwa mpangilio. Boriti ile ina mwanzo, ina hatua zinazofuatana, ina mahali pa kushuka, na ina kurudi. Ni kisa, na mhusika wake mkuu yuko chini ya mwavuli. Kwa nini hakupewa mwili? Nadhani ni kwa sababu ya jinsi watu wale walivyoyaelewa maisha yale ya mwisho. Vessantara alikufa akazaliwa tena. Mwili wake ulikuwa mmoja katika msururu. Aliyetoka Kapilavastu hakuzaliwa tena baada ya hapo. Msururu ulikatika. Ukiwa na imani hiyo, unayo sababu nzuri ya kuacha mahali pake wazi na kupazungushia kila dalili kwamba pana mtu. Hiyo ni rai yangu, na najua wenzangu watakaoipinga.

Ungetaka kumwona akiwa na mwili, ungesubiri kidogo tu. Katika karne za mwanzo BK, kwenye milki ya Wakushani, anatokea karibu kwa wakati mmoja sehemu mbili: Mathura, kusini mwa Delhi, kwenye jiwe jekundu la mchanga, na Gandhara, nchi ya Peshawar na Swat ambayo leo ni Pakistan, kwenye jiwe la kijivu linalochongeka kwa matabaka. Mfalme Kanishka akamtia hata kwenye sarafu ya dhahabu, jina lake likaandikwa kwa herufi za Kigiriki. Mafundi wa Gandhara walikuwa wameathiriwa na sanaa ya Wagiriki na Warumi, wakamvika joho lenye mikunjo mizito. Visa vile vile vya Sanchi ukiviona kwao hutavitambua mara moja: mama yake ameshika tawi la mti na mtoto anatokea ubavuni, na usiku wa kutoroka, Siddhartha yuko wazi juu ya Kanthaka, viumbe wadogo wamenyanyua kwato ili mlio usiwaamshe watu wa mjini. Huko Borobudur, Java, karne ya 9, michongo 120 ya ukuta wa ukumbi wa kwanza inayasimulia maisha yake tangu kushuka kutoka mbinguni hadi hotuba ya kwanza, yeye akiwa na mwili karibu kila mahali. Ni kazi nzuri ajabu. Sema kweli, inanichosha kidogo. Kila kitu kimekwisha elezwa.

Usije ukadhani, lakini, kwamba siku moja kiti kitupu kiliachwa na kesho yake mwili ukaanza. Huko Amaravati, Andhra Pradesh, kwenye stupa iliyovikwa mawe ya chokaa (mengi wakazi wa karne ya 18 na 19 waliyapeleka tanurini, wakayachoma kuwa chokaa ya kujengea), njia zote mbili ziliendelea bega kwa bega. Kwa kuwa uko Ulaya, siku ukifika London ingia British Museum utafute jiwe moja lenye nyuso mbili. Uso wa zamani, wa karne ya 1 KK, una kiti kitupu chini ya mti na waumini pembeni. Miaka kama 300 baadaye mafundi waliligeuza jiwe hilohilo, wakachonga upande wa pili stupa nzima kwa mtindo mpya wa siku zao. Kiti kitupu kikabaki kinatazama ndani, ukutani, hakuna wa kukiona, na kwa kufichwa hivyo kikasalimika.

Sasa ile kona niliyokuachia. Ikuze picha yako, upande wa kulia, chini ya zile nyayo. Utamwona Kanthaka mara ya mwisho, kichwa kimeelekea kushoto, anarudi mjini na Chandaka. Ni farasi yuleyule, tandiko lile lile, mgongo mtupu vilevile kama mara nne za kwanza. Vitabu husema alikufa kwa majonzi. Linganisha kilicho juu ya tandiko lake na kile ulichokiona alipokuwa akitoka langoni: safari hii hapana mwavuli.